TAARIFA IPIMWE KWA UKWELI WAKE, SI KWA CHEO CHA ALIYEILETA



Jeshi linaloongozwa kwa taarifa za uongo huwa limekwisha kushindwa kabla risasi ya kwanza haijalia, na polisi wanaokamata watu kwa ushahidi usiopimwa huitumikia dhuluma badala ya kuitumikia sheria. Hayo yanafahamika katika kila kambi na kila kituo. Lakini zama hizi zimeleta mtoaji taarifa wa aina mpya. Yeye si raia aliyefika kaunta ya kituo kushitaki, wala si mpelelezi aliyerudi kutoka msituni. Ni kompyuta, iliyolishwa kumbukumbu nyingi mno za simu, za magari, za fedha na za watu waliovuka mipaka, kisha ikatoa neno lake: huyu atazamwe, mtaa huu upigwe doria, uso huu ni wa fulani.

Elimu inayoiwezesha mashine kusema hivyo huitwa uchimbaji wa data. Vyombo vyake, kabla havijafika mezani kwa ofisa, mara nyingi huwa vimeanza kama karatasi ya kurasa chache iliyopelekwa na watafiti kwenye mkutano wa wataalamu ili ikaguliwe. Mikutano hiyo ndiyo lango. Yafaa kila mwenye kuvaa sare afahamu nani hukaa langoni hapo, huuliza maswali gani, na wapi lango lenyewe hupitisha makosa.

Jina la uchimbaji limetokana na kazi ya migodini. Mchimbaji wa dhahabu huosha debe baada ya debe la mchanga ili apate chembe chache zenye thamani. Vivyo hivyo mtaalamu wa data hupitisha katika kompyuta kumbukumbu ambazo mtu mmoja hawezi kuzisoma maisha yake yote, akitafuta hasa mambo ya namna tatu: vitu vinavyoandamana, vitu vinavyokaa kwa makundi, na kitu kimoja kisichofanana na wenzake.

Mifano miwili yatosha. Mwaka 1994 Rakesh Agrawal na Ramakrishnan Srikant wa kampuni ya IBM walitoa njia iitwayo Apriori, inayochambua manunuzi ya madukani na kuonyesha bidhaa zipi hununuliwa pamoja. Siri yake ni nyepesi: ikiwa sukari na misumari hununuliwa pamoja kwa nadra, basi sukari, misumari na sabuni kwa pamoja haviwezi kuwa vya kawaida zaidi, na mashine haina haja ya kupoteza muda kuvihesabu. Mwaka 1996 watafiti wa Munich, Ujerumani, walipeleka kwenye mkutano wa Portland, Marekani, njia iitwayo DBSCAN, ambayo huyatambua makundi kwa msongamano wake na kuziacha kando nukta zilizojitenga. Mwaka 2014 mkutano huo huo uliipa njia hiyo tuzo ya kazi iliyostahimili majaribio ya miaka.

Mkutano unaotajwa hapa ndio mashuhuri kuliko yote katika fani hii, nao hujulikana kwa herufi tatu, KDD. Ulianza kama semina ndogo mjini Detroit, Marekani, mwaka 1989, ikiandaliwa na Gregory Piatetsky-Shapiro. Mwaka 1995 ukawa mkutano kamili mjini Montreal, Kanada. Mwaka 1997 ikazaliwa mikutano ya jamii moja nao, mmoja Singapore kwa ajili ya Asia na Pasifiki, mwingine Trondheim, Norwei, kwa ajili ya Ulaya. Mwaka 2001 ukaongezeka mwingine uitwao ICDM, uliofanyika mara ya kwanza San Jose, California.

Wasikilizaji wasidhani kwamba hiyo ni mikutano ya hotuba na chai tu. Katika elimu nyingine nyingi, mkutano ni mahali pa mazungumzo, na kazi yenyewe huchapishwa baadaye katika jarida. Katika sayansi ya kompyuta mkutano wenyewe ndio unaochapisha. Makala ikikubaliwa hapo, imeingia katika kumbukumbu za elimu. Wahandisi wataitumia, makampuni yataijengea bidhaa, na serikali zitaletewa bidhaa hizo zinunue. Makala ikikataliwa, mtafiti hurudi nyumbani kuirekebisha. Katika KDD, karibu makala moja kati ya tano ndiyo hupita, na miaka mingine hupungua kuliko hapo.

Sasa utaratibu wenyewe. Kwanza hutolewa tangazo la wito, likieleza mada zinazotakiwa, idadi ya kurasa na tarehe ya mwisho. Kurasa ni chache: ICDM, kwa mfano, kwa miaka mingi imedai zisizidi kumi, marejeo yakiwa ndani yake. Mara nyingi hutakiwa kwanza ikisiri, yaani maelezo mafupi ya kazi, na siku chache baadaye makala kamili. Saa ya mwisho huhesabiwa kwa mtindo wa po pote duniani, maana yake siku haihesabiwi kuwa imekwisha mpaka iishe katika ukanda wa saa ulio wa mwisho kabisa upande wa magharibi. Kwa hiyo tarehe ikitajwa kuwa Jumatatu usiku, mtafiti aliye Kampala, Nairobi au Dar es Salaam bado anao muda hadi Jumanne, saa nane na dakika 59 mchana. Dakika ya pili yake mashine ya kupokea hujifunga, nayo haijui udhuru wala haina mkubwa wa kupigiwa saluti ili afungue.

Makala moja hairuhusiwi kupelekwa katika mikutano miwili kwa wakati mmoja. Mtunzi hutakiwa pia kutaja watu walio na uhusiano naye, kama vile mwalimu wake, mwanafunzi wake, au mwenzake wa kazini, ili hao wasipewe kuikagua kazi yake. Kisha, katika mikutano mingi ya namna hii, huja sharti linalowashangaza wageni: jina la mtunzi halionekani. Hakuna jina, hakuna chuo, hakuna shukrani kwa mfadhili. Hata anapoitaja kazi yake mwenyewe ya zamani, humbidi aizungumzie kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Makala hiyo isiyo na mwenyewe hupewa wahakiki, ambao kwa kawaida hawapungui watatu. Hao nao ni watafiti, na hawalipwi mshahara kwa kazi hiyo. Kila mmoja huisoma peke yake na kuandika hukumu yake. Huuliza: swali hili lina maana, au ni mchezo wa hesabu? Je, jambo hili ni jipya, au lilikwisha semwa? Data zilipatikana wapi, na nani hakuhesabiwa? Njia mpya imeshindanishwa na njia bora zilizopo, au imeshindanishwa na dhaifu ili ionekane shujaa? Mtu mwingine akifuata maelezo haya, atapata majibu hayo hayo? Baadaye watunzi hupewa siku chache za kujibu, wahakiki wakajadiliana, na msimamizi wa fungu akapeleka pendekezo kwa wenyeviti wa mkutano, ambao ndio watoao uamuzi. Makala ikikubaliwa, angalau mtunzi mmoja hutakiwa kujiandikisha, kulipa ada na kuieleza mbele ya wenzake.

Kwa nini majina yafichwe? Jibu halikuachwa kwa maoni ya watu, lilipimwa. Mwaka 2017, katika mkutano wa WSDM, unaohusu utafutaji na uchimbaji wa data za mtandao wa kompyuta, Andrew Tomkins, Min Zhang na William Heavlin waliendesha jaribio. Makala zilizopokelewa zilikuwa 500. Kila moja ilipewa wahakiki wanne: wawili waliona majina ya watunzi na wawili hawakuyaona. Matokeo yalikuwa dhahiri. Wale walioyaona majina waliziinamia zaidi makala za watu mashuhuri, za vyuo vikubwa na za makampuni makubwa. Kwa kipimo chao cha takwimu, mizani ya kukubaliwa ilipanda kiasi cha mara 1.6 kwa jina la mtu mashuhuri au chuo mashuhuri, na kiasi cha mara 2 kwa kampuni kubwa, ingawa karatasi zilikuwa zile zile. Wala wahakiki hao hawakuwa wala rushwa. Walikuwa watu wa heshima waliopimwa macho yao, ikaonekana kwamba jina kubwa huyatia kiwi.

Mkutano wa ICDM ulikwenda mbali zaidi. Tangu mwaka 2011 umeweka kanuni kwamba hata wahakiki wenyewe wasijuane wanapojadiliana, ili kijana aliyehitimu juzi asinyamaze kwa sababu profesa amekwisha kusema. Hekima hiyo si ngeni kwa wanajeshi. Katika mahakama za kijeshi zenye asili ya Kiingereza ipo desturi kwamba mjumbe mwenye cheo cha chini hutoa kura yake kwanza, asije akavutwa na kura ya mkubwa wake. Heshima kwa vyeo ni nguzo ya jeshi, na hakuna anayeipinga. Lakini swali la kama jambo ni kweli au si kweli halipandishwi wala halishushwi cheo.

Lipo tukio moja ambalo polisi wapelelezi watalielewa upesi kuliko watu wengine. Kila mwaka KDD huandamana na mashindano ambamo watafiti hupewa data na kutakiwa kufumbua jambo fulani. Mwaka 2008 jambo lilikuwa kutambua saratani ya matiti kutokana na picha za eksirei. Timu ya watafiti wa IBM iligundua ajabu: nambari ya utambulisho wa mgonjwa, ambayo haina uhusiano wo wote na mwili wake, ilitabiri vizuri nani ana saratani. Sababu ni kwamba data zilikusanywa kutoka sehemu mbalimbali, na wagonjwa wa sehemu moja walikuwa na nambari za aina moja. Mashine iliyoitumia nambari hiyo ingepata alama za juu katika mashindano, halafu ingekuwa kipofu hospitalini, mahali ambapo mama aliye mbele yake ana nambari isiyowahi kuonekana.

Wataalamu huita kosa hilo uvujaji, na mwaka 2011 Shachar Kaufman, Saharon Rosset na Claudia Perlich walipeleka KDD makala kamili ya kulieleza na kulizuia. Kwa lugha ya kituo cha polisi ni sawa na gwaride la utambulisho ambamo mtuhumiwa peke yake ndiye aliyefungwa pingu. Shahidi atamnyoshea kidole bila kukosea, na utambuzi wake hautakuwa na thamani yo yote. Mhakiki mwema ni yule anayezitafuta pingu hizo ndani ya data kabla ya kuyasifu majibu.

Liko na kosa la pili, ambalo linaugusa moja kwa moja ulinzi wa raia. Mwaka 2016 Kristian Lum na William Isaac waliipima mashine ya kutabiri mahali pa uhalifu, kwa kutumia kumbukumbu za makosa ya dawa za kulevya za mji wa Oakland, California. Makadirio yaliyotokana na uchunguzi wa afya yalionyesha kwamba watumiaji wa dawa hizo wako karibu katika mitaa yote ya mji. Lakini kumbukumbu za polisi zilijaa mitaa michache ya watu weusi na ya maskini, kwa kuwa ndiko doria zilikokuwa zikienda. Mashine ikasema doria ziende huko huko. Doria zikienda huko zitakamata watu huko, kumbukumbu zitaongezeka, na mashine itajiona imesema kweli. Mwaka 2018 watafiti wengine walitoa uthibitisho wa kihesabu wa mzunguko huo. Mji wa Santa Cruz, katika jimbo hilo hilo, ulipiga marufuku mashine za namna hiyo mwezi Juni 2020.

Haitakiwi kusemwa kwamba mashine zote za kutabiri ni bure. Majaribio mengine, hata yaliyofanywa pamoja na polisi wa Los Angeles na kuchapishwa mwaka 2015, yaliona upungufu kiasi wa uhalifu. Funzo lake ni jingine: kumbukumbu za polisi zinaonyesha mahali polisi walipokwenda, na si lazima zionyeshe mahali uhalifu ulipo. Anayezichanganya hizo mbili ataikosa shabaha hata kwa bunduki bora.

Mfano ulio karibu zaidi na watu wa Afrika ni wa mwaka 2018. Katika mkutano uliofanyika New York kuhusu haki na uwajibikaji wa mashine, Joy Buolamwini na Timnit Gebru walitoa makala juu ya mashine tatu za kibiashara zinazotazama uso na kusema kama ni wa mwanamume au wa mwanamke. Waliona kwamba picha zilizozoeleka kutumika katika majaribio zilikuwa za watu weupe kwa wingi. Basi wakakusanya picha mpya za watu 1,270, wote wakiwa wabunge wa nchi sita: Rwanda, Senegal, Afrika ya Kusini, Aisilandi, Ufini na Uswidi. Kwa wanaume wa ngozi nyeupe, kosa halikuzidi asilimia 0.8 katika mashine yo yote. Kwa wanawake wa ngozi nyeusi, lilifika asilimia 34.7. Mashine hizo zilikuwa zinauzwa kwa sifa kubwa, na sifa hiyo haikuwa uongo mtupu. Ilikuwa wastani, na wastani ulikuwa umemficha mwanamke mweusi. Ukaguzi uliofuata mwaka 2019 ulionyesha kwamba makampuni yaliyotajwa yamepunguza makosa hayo sana. Karatasi moja, iliyoandikwa vizuri na kupita langoni, iliyalazimisha makampuni makubwa kujirekebisha.

Pale ambapo mashine haikuulizwa maswali, mambo yalikuwa mengine. Mwezi Januari 2020, mjini Detroit, baba mmoja mweusi alikamatwa mbele ya mkewe na watoto wake, akawekwa mahabusu karibu saa 30 kwa wizi wa saa za mkononi asioufanya. Mashine ya nyuso ilikuwa imemfananisha na picha hafifu ya kamera ya duka, na maofisa wakauchukua mfano huo kuwa ushahidi. Shauri lilimalizika mwaka 2024 kwa mapatano, nayo yakaweka sharti kwamba polisi wa mji huo hawatamkamata mtu kwa neno la mashine hiyo peke yake. Sharti hilo limekuja baada ya fedheha, ambapo lingaliweza kuja kabla yake.

Hata hivyo ni wajibu kusema wazi kwamba lango la mikutano nalo lina nyufa. Mwaka 2014, mkutano mkubwa wa elimu ya mashine zinazojifunza, uliokaa Montreal, ulizichukua makala 166 na kuzipeleka kwa kamati mbili zisizowasiliana. Kamati hizo zilitofautiana juu ya makala 43, yaani karibu asilimia 26. Kwa kuwa makala zinazokubaliwa ni chache tangu mwanzo, maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya zile zilizokubaliwa na kamati moja zilikataliwa na nyingine. Jaribio hilo lilirudiwa mwaka 2021, na tofauti ikawa karibu ile ile. Wahakiki walitambua vizuri kazi mbovu kabisa. Palipo na mashaka ni katikati, ambako bahati hutenda kazi pamoja na akili. Kwa hiyo kukataliwa si hukumu ya mwisho kwa mtafiti, na kukubaliwa si cheti cha ukweli wa milele kwa chombo.

Wadanganyifu nao hawakukosa. Mwaka 2021 Michael Littman, profesa wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, alieleza hadharani habari za magenge ya watafiti wanaoambiana kwa siri majina ya makala zao, wakaomba kupewa kuzikagua, kisha wakasifiana. Mwaka 2025 gazeti la Nikkei la Japani liligundua makala 17, zilizotoka katika vyuo 14 vya nchi nane, ambazo ndani yake yalifichwa maandishi meupe juu ya karatasi nyeupe. Jicho la binadamu haliyaoni, lakini kompyuta inayasoma. Nayo yaliiamuru mashine ya kuhakiki itoe sifa tu. Hila hiyo ilikuwa mtego kwa mhakiki mvivu aliyekabidhi kazi yake kwa mashine, na njia ya mwongo ikawa fupi kama kawaida yake. Ndiyo sababu mikutano imezidi kuweka kanuni juu ya matumizi ya mashine katika kuandika na katika kuhakiki.

Na sisi wa Afrika ya Mashariki tuko wapi katika jambo hili? Hatuko nje. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere walitoa, katika semina iliyoandamana na mkutano wa uchimbaji wa data, kazi ya kutambua ugonjwa wa batobato wa mihogo kwa kupiga picha ya jani na kuiachia kompyuta ichambue. Hakuna mtu wa mbali ambaye angelifikiria swali hilo, kwa sababu hakuna muhogo shambani kwake. Mikutano ya wataalamu wa data wa Afrika ilifanyika Nyeri mwaka 2015, Kampala mwaka 2016, na Arusha mwaka 2017.

Lakini njia ina miiba. Mtafiti anaweza kuishinda hukumu ya wahakiki, halafu akashindwa na ada, nauli na viza. Mwaka 2018 watafiti wengi kutoka Afrika walinyimwa viza za kuhudhuria mkutano mkubwa wa Montreal, na kilio chao kilisikika duniani. Mkutano mwingine mkubwa, ICLR, ukapangwa kukaa Addis Ababa mwaka 2020, ugonjwa wa korona ukauzuia na kuufanya uwe wa mtandao tu. Hatimaye mwezi Mei 2023 mkutano huo ulikaa Kigali, Rwanda, na kwa mara ya kwanza wakubwa wa elimu hiyo ndio walioomba viza za kuja Afrika. Ni hatua ya kusherehekewa. Maana kama watafiti wa nchi zetu hawatapeleka makala zao, na hawatakaa katika viti vya wahakiki, mashine zitaendelea kupimwa kwa nyuso, lugha na mitaa ya watu wengine, kisha zitaletwa kwetu zikiwa zimekwisha tiwa muhuri.

Basi afande anayeletewa chombo cha namna hii, au askari anayekabidhiwa jibu lake, hana haja ya kuwa profesa. Anahitaji kuuliza maswali yale yale ya langoni. Data hizi zilitoka wapi, na nani hakuhesabiwa ndani yake? Chombo kilijaribiwa juu ya watu wanaofanana na watu wetu, au juu ya wengine? Kosa lake ni kiasi gani kwa kila kundi la watu, wala si kwa wastani peke yake? Nani asiye na faida katika mauzo yake amekikagua? Na je, iko pingu iliyosahauliwa mkononi mwa mtuhumiwa, inayofanya jibu lipatikane kwa urahisi usio wa haki? Muuzaji mwenye chombo kizuri atafurahi kuulizwa. Atakayekasirika amejibu tayari.

Nyani haoni kundule. Hiyo ndiyo sababu ya kuwako kwa mhakiki asiyemjua mtunzi, na ndiyo sababu ya kuwako kwa ofisa anayeisoma taarifa ya mashine kabla ya kutia saini hati ya kumkamata mtu. Mkutano wa wataalamu unaweza kukosea, na mwaka unaofuata ukapokea makala ya kusahihisha. Mtu aliyelala mahabusu bila kosa hawezi kurudishiwa usiku ule. Kwa hiyo ukaguzi wa mwisho, ulio mgumu kuliko wote, haufanyiki Barcelona wala Toronto. Hufanyika mezani kwa askari wa zamu, naye apaswa kuufanya bila kumwogopa aliyeileta taarifa, awe binadamu au mashine.